Mchoma Nyama na Dawa ya Kuvuta

Kwa miaka ishirini na saba nilichoma nyama Makutano, juu ya mji wa Meru, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kutia sigara mdomoni. Nalitaja hili mapema kwa sababu kila ninapomwambia mtu kwamba mapafu yangu yameharibika, swali lake la kwanza huwa, "Ulikuwa unavuta?" Ndiyo, nilikuwa navuta. Nilivuta moshi wa makaa ambayo hayajashika vizuri, moshi wa mafuta ya mbuzi yanayodondokea motoni, na moshi wa kuni siku ambazo makaa yalikosekana. Jiko langu lilikuwa nyuma ya bucha, katika chumba cha mabati chenye mlango mmoja na tundu ukutani lisilompitisha hata paka. Wateja walikaa mbele, penye hewa, wakiisifu harufu. Mimi nilibaki nayo kutwa.

Nimezaliwa Majengo, katika nyumba ambayo tulizungumza Kiswahili ndani na Kimeru nje. Baba yangu alikuwa mchinjaji. Mke wangu ametoka Timau, kwa wakulima wa viazi na ngano. Alisilimu tulipooana, na watu wake, ambao ni Wakristo, walinipokea kama mtoto wao.

Ugonjwa wenyewe ulikuja kwa adabu. Kutoka nyumbani hadi Makutano ni kupanda, na nilikuwa nakwenda kwa miguu kila asubuhi. Mwaka mmoja nilijikuta nimekuwa mtu wa salamu sana. Nilisimama kwa fundi viatu kuuliza habari za watoto, nikasimama kwa muuza magazeti kuuliza habari za dunia. Mke wangu ndiye aliyegundua. Siku moja tulikuwa tunapanda pamoja, nikasimama mara ya tatu, nikamuuliza mama muuza ndizi ng'ombe wake wanaendeleaje. Tulipoachana naye, mke wangu akaniambia, "Baba Watoto, yule mama hana ng'ombe."

Nilicheka, nikakohoa, nikashindwa kuacha kukohoa.

Nilikwenda kupimwa kifua kikuu, kwa kuwa kikohozi kirefu kikitajwa ndicho kila mtu anachowaza. Hakikupatikana. Nikanywa dawa ya maji, nikanywa tangawizi na asali, nikajifukiza mwarobaini, yaani nikaongeza moshi mwingine juu ya ule wa kazini. Mwishowe nikaingia katika duka moja la dawa. Mwenye duka alinisikiliza dakika mbili, akanipimia vidonge vidogo vyeupe ndani ya bahasha ya karatasi isiyoandikwa kitu.

"Viwili kila asubuhi," akasema. "Utaniambia."

Siku ya tatu nilipanda ule mlima kama kijana. Nilifika bucha nikitaka mtu wa kumwambia, nikamwambia mwenzangu. Huyu ni Mmeru niliyefanya naye kazi tangu tukiwa hatujaoa. Mimi nachinja na kuchoma, yeye anakata na kuuza. Akanitazama, akasema, "Basi hivyo vidonge usiviache."

Sikuviacha. Kila vilipokwisha nilirudi dukani, na mwaka mzima ukapita, na nusu ya mwaka mwingine. Nilianza kula kama mtu aliyetoka jela. Uso wangu ukawa wa mviringo, mashavu yakasukuma macho juu. Wateja walifurahi, mchoma nyama mwembamba hutiliwa shaka. "Umenawiri, mzee!" Lakini mikono ilinipa wasiwasi. Nikijigonga kidogo kwenye meza, ngozi iligeuka zambarau. Kisu kilinikwaruza kidole, jambo la kila wiki katika kazi yetu, na kile kidonda kikakaa mwezi mzima bila kufunga. Nikawa nakunywa maji na kwenda msalani, nakunywa na kwenda. Na kifua kilikuwa kimeanza tena. Mara mbili katika mwaka ule kilinibana hadi nikalala kitandani wiki nzima, na kila mara nilijiongezea kidonge kimoja.

Ramadhani ilipofika, nilijiambia kwamba mwili nao unahitaji kupumzishwa. Siku ya kwanza ya mfungo nikavikata vile vidonge vyote kwa mkupuo, nikaona nimefanya jambo la busara.

Siku ya nne, saa sita mchana, nilikuwa naning'iniza paja la mbuzi kwenye ndoano. Miguu ikawa kama kitambaa kilicholoweshwa. Nikaketi sakafuni, paja likiwa mikononi. Nilitapika, na tumboni hamkuwa na kitu. Nilivuta hewa, haikuja. Mwenzangu aliacha mteja na fedha mkononi, akanibeba mgongoni hadi barabarani na kusimamisha gari la kwanza lililopita. Nakumbuka aliendelea kunisemesha kwa Kimeru njia nzima, akiniuliza mambo ya kipuuzi, nani alishinda mechi, mbuzi yule mweusi tulimnunua kwa nani, ili nisifumbe macho.

Hospitalini waliniwekea oksijeni na maji ya mshipa. Nilipoweza kusema, alikuja daktari kijana, mpole, akamwomba mke wangu alete kila dawa iliyokuwa nyumbani. Mke wangu akarudi na bahasha tatu zisizo na jina. Daktari alikigeuza kidonge kimoja kiganjani.

"Mzee, hivi umevitumia muda gani?"

"Mwaka na nusu."

Nilingoja kugombezwa. Hakunigombeza. Alivuta kiti.

"Hizi ni steroidi. Dawa yenyewe si mbaya, hata leo hii ndiyo tuliyokudunga ili uamke. Inatuliza uvimbe ndani ya mapafu. Lakini vidonge hivi ni vya siku chache, kifua kinapolipuka, kisha unaacha. Ukivinywa kila siku, mwili unaacha kujitengenezea steroidi yake, unakuwa unakutegemea wewe. Halafu wewe ukavikata ghafla."

"Nilitaka mwili upumzike."

"Umeupumzisha sana," akasema. Mke wangu akacheka kwa mara ya kwanza siku ile, huku analia. Daktari akaeleza kwamba sukari yangu imepanda, na kwamba ndiyo sababu ya ile kiu na kile kidonda. Vidonge ningeviacha, ila polepole, kwa kupunguza kidogo kidogo, wiki baada ya wiki, chini ya macho yake. Mfungo ningelipa baadaye nikipona.

Nilipokuwa nimepata nguvu, walinipima pumzi. Ni mashine ndogo yenye mrija; unavuta hewa hadi mwisho, kisha unapuliza kwa nguvu zako zote, na msimamizi anakupigia kelele kama uko mbioni: "Puliza, puliza, usiache, bado, bado!" Mara tatu. Nilitoka jasho.

Daktari aliniambia ugonjwa wangu si pumu kama nilivyodhani. Ni ugonjwa wa mapafu wa kudumu, unaoziba njia za hewa taratibu, na moshi ndio ulioulea. "Sitakudanganya," akasema. "Kuna sehemu imekwisha kuharibika, hiyo hairudi. Lakini kuna sehemu imevimba tu, na uvimbe tunaweza kuutuliza."

Akanionyesha dawa ya kuvuta, kikopo kidogo chenye mdomo wa plastiki, ambacho ukikibonyeza hupuliza dawa. Ndani yake, alisema, mna dawa mbili: moja ya kupanua njia za hewa, na moja ya kupunguza uvimbe. Hiyo ya pili ni ya ukoo wa vidonge vyangu vyeupe.

Nikairudisha mezani pale pale. "Ile ile iliyotaka kuniua?"

"Ukoo mmoja, kipimo mbali kabisa. Hii ni chembe ndogo sana, na inakwenda moja kwa moja kifuani badala ya kuzunguka mwili mzima. Na si kila mwenye ugonjwa huu ninampa. Wewe kifua kimekulipukia mara tatu ndani ya mwaka, na damu yako tuliyoipima inaonyesha kwamba mapafu yako yataiitikia dawa hii. Asubuhi na jioni, ukijisikia vibaya na ukijisikia vizuri."

Niliondoka nayo. Miezi miwili nikaivuta asubuhi na jioni, na sikuona lolote. Kikohozi kilikuwa kile kile. Kisha ulimi wangu ukaota utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, na kachumbari, chakula nilichokula maisha yangu yote, ikawa inachoma kama moto. Nikaona nimedanganywa. Nikaitia ile dawa kwenye droo ya visu, nikaifunga.

Mke wangu aliikuta siku nne baadaye akitafuta kisu cha vitunguu. Aliiweka katika mkoba wake, akavaa viatu, akasimama mlangoni.

"Twende," akasema.

"Wapi?"

"Ukawaambie wenyewe kwamba haifanyi kazi. Mimi nimechoka kuambiwa na droo."

Kule kliniki tulipokelewa na muuguzi, mama wa makamo mwenye lafudhi ya Embu. Nilimwonyesha ulimi, nikamwambia dawa haina faida. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia, "Sawa, mzee. Nionyeshe unavyoivuta."

Nilifungua mdomo, nikaielekeza, nikabonyeza. Wingu jeupe likatoka mdomoni mwangu, likapanda mbele ya uso wake.

"Umeiona hiyo?" akauliza. "Hiyo ndiyo dawa yako. Inakwenda darini."

Miezi miwili nilikuwa nikiupulizia dawa ulimi wangu. Niliona haya kama mtoto aliyeshikwa na sukari mdomoni, lakini yule mama hakunicheka. Alisema kwamba karibu kila mtu hukosea, hata wasomi, na kosa ni la aliyetoa dawa bila kuonyesha. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na chupa tupu ya maji, ile ya nusu lita. Akatoboa kitako chake kwa wembe aliopasha moto, akapanua lile tundu kidogo kidogo hadi mdomo wa ile dawa ukaingia na kukaza. Kisha akanipa upande wa pili, mdomo wa chupa.

"Kohoa kwanza. Toa hewa yote. Sasa ziba kwa midomo. Mimi nabonyeza, wewe unavuta polepole, kama unaonja supu ya moto. Haya. Sasa shika pumzi. Hesabu hadi kumi."

Nilihesabu hadi sita.

"Sita ni nzuri kwa leo. Umesikia ladha ulimini?"

"Hapana."

"Basi imekwenda inakotakiwa. Ukiisikia ulimini, umeikosa." Kuhusu ule utando mweupe, alinipa dawa ya mdomo, na akasema kuanzia sasa nikishavuta nisukutue kwa maji, niteme, nisimeze.

"Mimi ni Mwislamu," nikamwambia. "Nasukutua mara tano kwa siku nikitawadha."

"Wewe ndiye mgonjwa niliyekuwa namtafuta," akasema. "Vuta kabla ya kutawadha, alfajiri na magharibi. Hutasahau kamwe."

Na kweli sijasahau. Ramadhani iliyofuata haikunipa hata swali la kumpelekea imamu, kwa kuwa dawa yangu huvutwa kabla mfungo haujaanza na baada ya kufuturu.

Sikuona ni siku gani hasa nilipata nafuu. Nakumbuka tu asubuhi moja, yapata wiki ya tano, nikibishana na mwenzangu kutoka upande mmoja wa bucha hadi mwingine. Yeye alisema mbuzi wa Isiolo ana nyama tamu kuliko wa huku kwetu, na mimi nikamjibu kwa maneno marefu, nikimtajia malisho na maji na umri wa kuchinja. Nilipomaliza, alikuwa ameshika kisu hewani, ananitazama.

"Umemaliza sentensi," akasema.

Sikumwelewa.

"Mwaka mzima unasema maneno manne, unangoja. Leo umenitukania mbuzi wangu bila kupumzika."

Yule muuguzi, hata hivyo, hakuniachia raha kamili. Kila nilipokwenda aliniuliza juu ya jiko. Aliniambia alilelewa Kibugu, kule Embu, kwenye mashamba ya majani chai karibu na msitu, katika jiko la mawe matatu lisilo na dirisha, na kwamba dawa ninayoivuta asubuhi naishindanisha na moshi ninaouvuta mchana. "Moshi una saa kumi," alisema. "Dawa ina mivuto miwili."

Mke wangu alipendekeza nimwachie mwenzangu kuchoma, mimi nikate na kuuza. Mwenzangu alikubali mara moja. Alisema kifua chake ni cha chuma. Usiku ule sikupendezwa na nafsi yangu. Mtu aliyenibeba mgongoni, nimlipe kwa kumrithisha kile chumba? Asubuhi niliwaambia wote wawili kwamba hakuna atakayeingia mle tena, na tukafunga biashara ya kuchoma kwa wiki mbili. Wateja walinung'unika, wengine wakahamia kwa jirani. Tuliita fundi. Aling'oa ukuta mzima wa nyuma, akaliinua jiko hadi kiunoni, akaliwekea kofia ya bati na bomba refu linalopita juu ya paa. Siku tuliyowasha, moshi ulisitasita kidogo, kisha ukaingia bombani, ukaenda zake. Mwenzangu alichoma hadi jioni. Alipovua aproni alijitazama katika kioo cha kunyolea.

"Kumbe macho yangu ni meupe," akasema.

Mwezi wa nane tulikwenda Timau kuwaona wazazi wa mke wangu. Baridi ya kule mwezi ule haina mzaha. Kwa mila za kwao, mkwe hamzoei mamamkwe. Siingii jikoni mwake, hatutazamani machoni, na tukiwa na neno tunalipitisha kwa mke wangu, hata tukiwa hatua tatu mbali. Miaka yote ya ndoa yangu nimemfahamu yule mama zaidi kwa chakula chake na kwa sauti yake ng'ambo ya ukuta.

Safari ile niliifahamu sauti ile upya. Nilikuwa nimekaa uani, na ndani ya jiko la mbao alikuwa akikohoa. Kikohozi kinachoanza chini, kinachopanda ngazi, kinachoacha filimbi mwishoni. Nilikuwa nimekisikia usiku na mchana kwa miaka mitatu, kikitoka kwangu.

Sikujua nina haki gani ya kusema. Magharibi ilipoingia nilizunguka nyuma ya nyumba na chupa yangu, nikavuta dawa, nikasukutua. Nilipogeuka, mamamkwe alikuwa amesimama kwenye kona na mzigo mdogo wa kuni. Akatazama pembeni haraka, nami nikatazama shambani kwenye ngano.

Baada ya chakula alimwambia binti yake, kwa sauti ambayo hata ng'ombe waliisikia, "Muulize mume wako ile chupa anaibusu kwa nini."

Mke wangu akanigeukia, amejikaza asicheke. "Mama anauliza chupa unaibusu kwa nini."

"Mwambie Mama ni dawa. Mwambie nilikuwa nakohoa kama yeye."

"Anasema alikuwa anakohoa kama wewe."

Mama akakusanya sahani. "Mwambie mimi sina ugonjwa. Ni uzee."

"Mwambie Mama na mimi nilisema hivyo hivyo, nikiwa na miaka hamsini na sita."

Ndipo alipofanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliketi kwenye kigoda, akanigeukia mimi, si binti yake, na kuniambia moja kwa moja, "Mwanangu, tangu Pasaka sijafika kanisani. Kile kilima kinanishinda. Nilifikiri Mungu ananiita."

Nikamjibu nikitazama miguu yangu, "Mama, twende ukapulize kwanza, ndipo tujue anayekuita ni nani."

Wiki iliyofuata tulimleta Meru. Yule muuguzi wa Embu alimkalisha, akamweka mrija mdomoni, akaanza kumweleza jinsi ya kupuliza. Mamamkwe alimkatiza. "Mwanangu, nimewasha moto wa kuni mbichi tangu nikiwa msichana. Kupuliza najua." Na alipuliza vizuri kuliko nilivyopuliza mimi, mara tatu, kitambaa cha kichwa kikimtoka.

Daktari alipata ugonjwa ule ule, ila hakumpa dawa kama yangu. Alimwandikia ya kupanua njia za hewa peke yake. Mamamkwe alihisi amepunjwa.

"Mbona mkwe wangu ana mbili na mimi moja?"

"Mama, kifua chako hakilipuki kama chake," daktari akamwambia. "Ile ya kutuliza uvimbe ina faida zake na ina madhara yake. Wewe leo huihitaji, ungebaki na madhara tu. Ukianza kuugua ugua, tutaangalia tena."

Akalikubali hilo, lakini alidai chupa. Muuguzi akamtobolea moja. Na shemeji zangu, waliposikia ya moshi, walikata dirisha kubwa upande wa jiko unaokabili mlima, na wakamtengenezea meko ya udongo yenye bomba, yanayokula kuni chache. Mwanzoni alilalamika kwamba jiko limekuwa na baridi. Sasa analalamika kwamba majirani wanakuja kukaa humo kutwa.

Mimi bado ni mgonjwa, na nitakuwa mgonjwa. Julai iliyopita, baridi ilipozidi, kifua kililipuka, nikapewa vile vidonge vyeupe, siku tano, nikaviacha siku ya tano. Sukari imeshuka, uso umerudi kuwa wangu, na wateja wengine wananiuliza kama nina shida nyumbani. Kwenye ule mlima wa kwenda Makutano nasimama mara moja, karibu na mahakama, sijifichi tena.

Jumapili moja, tukiwa tunakata nyama ya harusi, simu ya mke wangu ililia. Alisikiliza, akanyoosha mkono, akanipa. "Anakutaka wewe."

Nikafuta mikono. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Niko kanisani," akasema, na nyuma yake nilisikia watu wakiimba. "Nimekuja kwa miguu yangu. Wako kwenye wimbo wa pili, acha nikaimbe."

Akakata.